Sheria Imempa Nini Mwalimu?

 Leo nimekusudia kusema juu ya jambo ambalo kila mzazi ana haja nalo, ijapokuwa mifano yangu itatoka ng'ambo ya bahari, katika nchi ya Marekani. Jambo lenyewe ni hili: mtoto anapofaulu katika skuli, sifa ni za nani? Ni za mwalimu aliyesimama mbele yake kila siku, au ni za sheria na kanuni zilizotungwa na wakubwa wasiomjua mtoto yule kwa sura wala kwa jina? Na mtoto anapoanguka, lawama tumtwike nani?

Nimeichagua Marekani si kwa kuwa skuli zake ni kamilifu, hasha, bali kwa kuwa watu wake wamejaribu mambo mengi katika elimu, wakayaandika na kuyapima hadharani, wakabishana juu yake mabarazani, bungeni na mahakamani, hata aliye mbali aweza kuyasoma na kupata mazingatio.

Kwanza yafaa tujue skuli za umma za nchi ile zaendeshwaje, kwani mgeni aghalabu hudhani kuwa iko wizara moja katika mji wa Washington iamuruyo kila kitu. Sivyo. Katiba ya Marekani haitaji elimu hata kwa neno moja. Mamlaka ya elimu yamo mikononi mwa majimbo, na majimbo nayo yameyagawa kwa wilaya za elimu zipatazo 13,000, kila moja na baraza lake, ambalo mara nyingi huchaguliwa na raia wenyewe. Katika wilaya hizo husoma watoto wapatao milioni 50 bila ya kulipa ada. Serikali kuu huchangia sehemu ndogo tu ya gharama, takriban moja katika kumi. Zilizobaki hutoka katika hazina ya jimbo, na katika kodi ya nyumba na ardhi inayokusanywa pale pale penye skuli. Shikeni sana neno hili la kodi ya nyumba na ardhi, kwani mizizi ya tofauti nyingi baina ya skuli na skuli imo humo. Mahali penye majumba ya fahari, kodi nyepesi huleta fedha nyingi. Mahali penye nyumba duni, hata raia wakijitoza kodi nzito, kinachopatikana ni kidogo.

Nitoe mfano. Katika mji wa San Antonio, jimbo la Texas, palikuwa na wilaya mbili za elimu zisizo mbali moja na nyingine: Edgewood, wilaya ya mafukara, wengi wao wakiwa ni wenye asili ya Meksiko, na Alamo Heights, wilaya ya watu wenye nafasi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watu wa Edgewood walijitoza kodi kwa kima kikubwa kuliko wilaya nyingine zote za mji ule. Walakini kodi hiyo iliwapatia dola 26 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, ilhali Alamo Heights, kwa kima kilichokuwa pungufu, walipata dola 333. Mwezi wa Mei 1968 wanafunzi wa sekondari ya Edgewood walitoka madarasani wakaandamana, wakilalamikia jengo lililochakaa na walimu wasiokuwa na ujuzi wa kutosha. Na hawakuzua, kwani karibu nusu ya walimu wa wilaya ile walikuwa wakifundisha kwa vibali vya dharura tu. Wazazi, mbele yao akiwa Demetrio Rodriguez, fundi wa kazi za bati, wakashitaki, na kesi ikafika hadi Mahakama Kuu kabisa ya nchi.

Mwaka 1973 hukumu ikatoka. Majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba elimu si haki ya msingi inayolindwa na katiba ya taifa, na kwamba mtindo ule wa kodi, pamoja na ila zake zote, hauivunji katiba. Miongoni mwa wale wanne waliopinga alikuwamo Jaji Thurgood Marshall, na wasikilizaji wa Kenya wana sababu yao wenyewe ya kulijua jina hili, kwani mwaka 1960 alikwenda London katika mkutano wa Lancaster House akiwa mshauri wa wajumbe Waafrika, akawaandikia rasimu ya haki za raia. Ndiye yeye aliyesimama wakili katika kesi ya Brown, ambayo hukumu yake ya mwaka 1954 ilibatilisha ubaguzi wa rangi katika skuli za umma za nchi yake. Basi mtu huyo, aliyekwisha kuona kwa macho yake namna dhuluma inavyoweza kuvaa nguo ya sheria, alikataa katakata kuamini kwamba mtoto wa Edgewood na mtoto wa Alamo Heights wamepewa nafasi iliyo sawa.

Sasa nawauliza, wasikilizaji. Mwalimu wa Edgewood aliyeingia darasani kwa kibali cha dharura, katika jengo bovu, wanafunzi wake wakianguka mtihani, tumlaumu yeye? Hili ndilo neno langu la leo, nami nitalirejea mara kwa mara ili lisipotee: kabla hatujamwuliza mwalimu ameleta matokeo gani, na tuulize kwanza sheria imempa nini.

Najua yuko msikilizaji asemaye moyoni mwake kwamba hivi ni visingizio, na kwamba mwalimu hodari hashindwi na umaskini wa wanafunzi wake. Pengine atanitajia jina la Jaime Escalante, mwalimu wa hesabu aliyetukuzwa katika filamu iliyotoka mwaka 1988. Vema, na tumzungumzie mwalimu huyo, tena kwa kirefu, maana hadithi yake inapendwa na watu wengi lakini kwa kawaida husimuliwa nusu.

Escalante alizaliwa La Paz, nchini Bolivia, mwaka 1930. Alikuwa mwalimu kwao, kisha katika miaka ya 1960 akahamia California, ambako vyeti vyake havikutambuliwa, hata ikambidi afanye kazi za mkahawani, na baadaye kazi ya kiwandani, huku usiku akisoma Kiingereza na kutafuta upya shahada ambayo kwao ingemtosha. Mwaka 1974 akapata kazi ya kufundisha katika Skuli ya Sekondari ya Garfield, mashariki ya Los Angeles, mahali pa watu wa kazi za mikono wenye asili ya Meksiko. Aliikuta skuli imelegea hata ikawa inakaribia kunyang'anywa ithibati yake. Miaka ya mwanzo hakugusa hesabu za juu, zile za kalkulasi; haikuwezekana, kwa kuwa wanafunzi hawakuwa na msingi wa kuzijengea. Alifundisha hesabu za kawaida na aljebra, akasubiri, akaendelea kusubiri, na darasa lake la kwanza la kalkulasi, aliloanzisha baada ya kukaa pale miaka kadhaa, lilikuwa na wanafunzi 5 tu walioketi kwenye mtihani. Mwaka uliofuata wakawa 9, kisha 15, na mwaka 1982 wakawa 18.

Wote 18 wakafaulu mtihani ule mgumu, ambao mwanafunzi wa sekondari akiufaulu vyuo vikuu vingi humhesabia kuwa amekwisha kulimaliza somo lile. Kisha ikaja fedheha isiyo haki. Taasisi yenye kusahihisha iliona makosa yanayofanana katika karatasi 14, ikawatuhumu vijana kuwa wameibiana majibu. Je, wangetuhumiwa hivyo kama wangekuwa watoto wa mahali pa matajiri? Escalante mwenyewe aliliuliza swali hilo, na mimi naona alikuwa na haki ya kuliuliza. Vijana 12 walikubali kurudia mtihani mwezi wa Agosti, baada ya likizo ndefu, na wote 12 wakafaulu tena. Habari zikaenea nchi nzima.

Wasimuliaji wengi huishia hapo, na msikilizaji huondoka akidhani kwamba mtu mmoja mwenye moyo, kwa nguvu ya maneno yake, aliwageuza vijana kwa mwaka mmoja. Lakini yako mengine, na hayo ndiyo yaniletayo mbele yenu. Katika miaka ya awali palikuwa na msaidizi mmoja wa mkuu wa skuli aliyemkaripia Escalante kwa sababu anafika mapema mno na kuondoka usiku. Hebu fikirini: mwalimu anakaripiwa kwa bidii! Kisha mwaka 1981 ukuu wa skuli ukashikwa na Henry Gradillas, mtu wa msimamo, ambaye aliona bayana kwamba ukali wa mwalimu yule ni huruma, akampa nafasi. Gradillas aliyapunguza yale madarasa ya hesabu hafifu walikokuwa wakitupwa watoto wasiotumainiwa, akawaelekeza wengi zaidi kwenye aljebra. Na Escalante akapata mwenzake wa kufundisha naye kalkulasi, Ben Jimenez, na masomo ya likizo yakafanyika katika Chuo cha East Los Angeles, hata mtoto aliyechelewa aweze kuwakuta wenziwe. Ikawa iko ngazi kamili, kidato kwa kidato, badala ya mwujiza wa mtu mmoja. Kufika mwaka 1987 waliofaulu mtihani wa kalkulasi katika skuli ile ya watoto wa mafukara walipita 80.

Na baadaye? Gradillas aliondoka katika uongozi. Escalante akabaki na madarasa yaliyofurika, mengine yenye wanafunzi zaidi ya 50, akaingia katika ikhtilafu na walimu wenzake na chama cha walimu, ambacho mkataba wake ulitaka madarasa yawe madogo kuliko hayo. Mwaka 1991 akaondoka Garfield kwenda Sacramento. Jimenez naye akaondoka. Na katika miaka michache hesabu ya wanaofaulu ikaporomoka vibaya. Vijana wa mtaa walikuwa wale wale, wazazi walikuwa wale wale, na akili zao hazikupungua. Kilichopungua ni kile walichokuwa wamepewa walimu.

Watu wengine, wakiifikia sehemu hii ya hadithi, hukitukana chama cha walimu. Mimi siwafuati. Chama kilikuwa na hoja ya kweli kwamba darasa la watu 50 si darasa la kufundishia kwa kawaida, na Escalante alikuwa na hoja ya kweli kwamba asingeweza kumfukuza mlangoni kijana mwenye hamu ya kujifunza. Waliopaswa kuulizwa ni wale walioacha mambo yafike hapo, hata watu wawili wenye haki wakagombana. Palitakiwa walimu wengine wawili au watatu wa namna ile, na sheria wala bajeti haikuwaleta.

Tukiisha kutaja idadi ya watoto darasani, basi na tukae juu yake kidogo, kwani ni suala linalomgusa kila mmoja wetu. Chukueni kipindi cha dakika 40 na darasa la watoto 40. Hata mwalimu akiacha kuandika ubaoni, akaacha kuita majina, akaacha kumtuliza mchokozi, kila mtoto ana dakika moja tu ya kutazamwa peke yake. Mwalimu huyo huyo mpe watoto 15, na kila mtoto atapata karibu dakika tatu. Hesabu yasema hivyo. Lakini je, mtoto kweli hufaidika? Watu wa jimbo la Tennessee waliamua kutafuta jawabu kwa njia ya insafu kabisa.

Mwaka 1985, baada ya hima kubwa ya mwalimu mmoja mkongwe, Helen Pate-Bain, aliyewahi kuwa rais wa chama cha taifa cha walimu, bunge la jimbo lile lilitoa fedha za kufanya jaribio la miaka minne katika skuli 79. Watoto walianza wakiwa katika darasa la awali na wakafuatwa hadi darasa la tatu. Waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine katika madarasa madogo ya watoto 13 hadi 17, wengine katika madarasa ya kawaida ya watoto 22 hadi 25, na wengine katika madarasa ya kawaida ambayo mwalimu ameongezewa msaidizi. Walimu nao waligawanywa kwa bahati nasibu. Kwa nini bahati nasibu? Kwa sababu watoto wangechaguliwa na wazazi au na wakuu wa skuli, tungeweza kusema kwamba darasa dogo limefaulu kwa kuwa wamewekwa humo watoto wa wazazi werevu. Bahati nasibu haina upendeleo, haimjui mtoto wa tajiri wala wa fukara.

Na matokeo yakawaje? Watoto wa madarasa madogo waliwashinda wenzao katika kusoma na katika hesabu, na waliofaidika zaidi walikuwa watoto weusi na watoto wa mafukara. Kumwongeza msaidizi katika darasa kubwa hakukuleta tofauti kubwa. Watafiti hawakuishia hapo. Miaka mingi baadaye waliendelea kuwafuatia watoto wale, wakaona kwamba waliokuwa katika madarasa madogo walikuwa na uwezekano zaidi wa kufanya mtihani wa kutaka kuingia chuo kikuu, na kwamba waliobahatika kupata mwalimu mwenye uzoefu katika ule mwaka wa awali kabisa walikuwa na mapato ya juu zaidi walipofika utu uzima. Hebu tafakarini, wasikilizaji! Mtoto wa miaka mitano, mwalimu ambaye pengine hata jina lake amekwisha kulisahau, na athari yake ingali ikionekana katika mshahara wa mtu mzima.

Nimesema walimu wenye uzoefu, na neno hilo lisipite. Mwaka 1996 wakubwa wa California, waliposikia habari za Tennessee, waliharakisha. Walitangaza katikati ya mwaka kwamba skuli zitakazopunguza watoto wa madarasa ya chini hadi 20 kwa darasa zitalipwa fedha za ziada, na skuli zikakimbilia kuajiri. Walimu walipatikana wapi ghafla hivyo? Nafasi zilipofunguka mahali penye neema, walimu wazoefu wa skuli za mafukara walihamia huko, na nyuma yao wakaingizwa watu wengi ambao hawajamaliza mafunzo. Darasa likawa dogo, lakini mwalimu wake ni mgeni wa kazi. Nia ilikuwa njema na fedha zilikuwa nyingi, ila sheria ilitoa nafasi ambazo watu wa kuzijaza hawakuwa wametayarishwa.

Wasikilizaji wangu, sasa niseme juu ya sheria iliyoleta mjadala mkali kuliko zote katika kizazi hiki. Lakini ili tuielewe, inatubidi turudi nyuma hadi tarehe 11 Aprili 1965, siku ambayo Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria kubwa ya elimu ya msingi na ya sekondari nje ya skuli ndogo ya kijijini, Texas, alikosoma utotoni, na ubavuni pake akaketi mwalimu wake wa kwanza, Bibi Kate Deadrich Loney. Johnson mwenyewe alikuwa amefundisha katika mji wa Cotulla mwaka 1928, akawaona watoto wenye asili ya Meksiko wakija skuli na njaa, na jambo lile halikumtoka moyoni hata alipofika ikulu. Sheria aliyoitia saini ilipeleka fedha za serikali kuu katika skuli zenye watoto wa mafukara. Mnaona? Ilianza kwa kutoa.

Sheria ile ile, baada ya kurekebishwa mara nyingi, ilizaliwa upya tarehe 8 Januari 2002 kwa saini ya Rais George W. Bush, katika sekondari ya mji wa Hamilton, Ohio, ikapewa jina lenye maana ya kwamba hakuna mtoto atakayeachwa nyuma. Watu wa vyama vyote viwili waliiunga mkono. Iliamuru kwamba kila mwaka, kuanzia darasa la tatu hadi la nane, na mara moja katika sekondari, kila mtoto apimwe kusoma na hesabu; kwamba matokeo yatangazwe kwa makundi, watoto weusi mbali, wenye asili ya Kihispania mbali, mafukara mbali, walemavu mbali, wasiojua Kiingereza mbali; na kwamba kufika mwaka 2014 watoto wote, bila ya kubakia hata mmoja, wawe wamefikia kiwango. Skuli itakayoshindwa miaka mfululizo ingeadhibiwa, na mwisho wa adhabu ni kubadilishiwa walimu au uongozi mzima.

Nitaihukumu sheria hii kwa haki. Ilifanya jambo moja jema ambalo hatupaswi kulisahau: iliwafichua watoto waliokuwa wamefichwa. Kabla yake, skuli iliweza kujisifia wastani mzuri ilhali watoto wake weusi hawajui kusoma, na hakuna aliyeuliza. Baada yake, kila mwenye macho aliona. Lakini kipimo cha homa hakiponyi homa. Sheria ilimtaka mwalimu wa skuli ya mafukara alete matokeo sawa na ya mwenzake wa skuli ya matajiri, wala haikuondoa ile tofauti ya kodi tuliyoiona San Antonio. Walimu wengi wakajikuta wanafundisha kusoma na hesabu peke yake, kwa kuwa ndivyo vinavyopimwa, na historia, sayansi, muziki na sanaa zikasogezwa pembeni.

Na katika mji wa Atlanta yakatokea yale ambayo kuyasimulia kwaniuma. Wachunguzi wa serikali ya jimbo la Georgia walitoa taarifa yao mwaka 2011, baada ya kuchunguza skuli 56, wakasema kwamba katika 44 palikuwa na udanganyifu, na kwamba walimu na wakuu wa skuli 178 walihusika. Watu wazima, wenye dhamana ya kulea, walikaa na kufuta majibu ya watoto na kuandika yaliyo sahihi. Mwaka 2015 watu 11 walitiwa hatiani mahakamani. Siwatetei kamwe, kwani mtoto ambaye hajui kusoma, na karatasi ikasema kwamba anajua, amenyimwa hata ule msaada ambao angepewa kama ukweli ungejulikana. Waliofanya hivyo walimdhulumu, na wazazi wake wakadanganywa. Lakini nani aliyeujenga utaratibu ambao mkuu wa skuli husifiwa au hufukuzwa kwa tarakimu tupu, wala haulizwi kama ana walimu wa kutosha? Mwaka ule wa 2015, mwezi wa Desemba, Rais Barack Obama alitia saini sheria nyingine iliyochukua mahali pa ile ya 2002. Mitihani ya kila mwaka imebaki, ila majimbo yamerudishiwa uhuru wa kuamua namna ya kuzisaidia skuli zinazoshindwa. Mwaka 2014 ulikuwa umekwisha kupita, na lengo la kila mtoto kufaulu halikuwa limefikiwa.

Je, maana yake ni kwamba sheria haifai kitu, na kila jambo tuliache kwa walimu? Hasha! Ziko sheria na hukumu ambazo zilimpa mtoto na mwalimu wake kitu wanachoweza kukishika mkononi, na moja kati ya hizo nitakazozitaja inatuhusu sisi wenye kusema Kiswahili kuliko nyingine zote.

Katika mji wa San Francisco, mwanzoni mwa miaka ya 1970, palikuwa na watoto wapatao 1,800 wa jamaa za Kichina, wasiojua Kiingereza, waliokuwa wamewekwa katika madarasa ya Kiingereza bila ya msaada wowote wa lugha. Wakuu wa elimu walijitetea kwamba hawakumbagua mtu: watoto wote walipewa vitabu vile vile, walimu wale wale, mtaala ule ule. Mwaka 1974, katika kesi iitwayo Lau dhidi ya Nichols, Mahakama Kuu kabisa ilitoa hukumu bila ya jaji hata mmoja kupinga, ikasema kwamba huo si usawa, kwani mtoto asiyeielewa lugha ya kufundishiwa amefungiwa nje ya elimu hata kama ameketi ndani ya darasa. Tangu hapo wilaya zote za elimu zinawajibika kumsaidia mtoto wa namna hiyo ajifunze Kiingereza na masomo mengine pia. Na mwaka 1982, katika hukumu nyingine iliyotoka Texas, mahakama ile ile ikasema kwamba mtoto hawezi kufungiwa mlango wa skuli ya umma kwa sababu ya kutokuwa na karatasi za uhamiaji.

Leo faida ya hukumu hizo, hasa ile ya Lau, inawafikia watoto wetu. Maelfu ya jamaa zilizotoka Kongo na Burundi, nyingi zikiwa zimekaa miaka na miaka katika kambi za wakimbizi kama ile ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, zimepelekwa Marekani, na watoto wao wameingia katika skuli za umma huku lugha wanayoijua vizuri ni Kiswahili. Walimu waliosomea kufundisha watoto wa namna hii bado ni haba katika majimbo mengi, na hapo pia sheria ingali na deni lake. Walakini haki ipo, imeandikwa, na mzazi asiyeijua hawezi kuidai.

Basi nina ombi moja kwenu ninyi mlio na ndugu, shemeji, binamu au rafiki aliyehamia huko na watoto. Mpigieni simu wiki hii. Mwambieni kwamba siku ya kumwandikisha mtoto skuli atapewa fomu inayouliza lugha isemwayo nyumbani, na aandike Kiswahili, kama ndicho wanachosema, wala asidhani kwamba kuandika Kiingereza kutamletea mtoto heshima zaidi, kwani jawabu lile ndilo linaloifanya skuli impime mtoto na kumpangia msaada wa lugha. Mwambieni aombe mkalimani anapoitwa kuzungumza na mwalimu, asimtumie mtoto mwenyewe kuwa mkalimani wa mambo yake. Na mwambieni aende akamwone mwalimu kabla ya matokeo ya mtihani kutoka, amwulize anachohitaji ili aweze kumfundisha mwanawe, kisha ayapeleke mahitaji hayo mbele ya baraza la elimu la wilaya, ambalo vikao vyake viko wazi kwa raia na kwa mgeni.